Mtoto wa jirani ana mtindio wa ubongo: jifunze kumlisha, mama yake apate kulala

Bint_Langoni

Assalaam aleikum wanajamvi. Uzi huu ni mrefu, mniwie radhi. Nimeuelekeza kwa mashangazi, mawifi, mama wakwe, mabibi na majirani wa nyumba ambayo ndani yake mna mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Hapa Amu, yaani Lamu, nyumba zimegusana, ukuta wa huyu ni ukuta wa yule, na kilio cha usiku hakifichiki. Kila mtu anajua mtoto yupo. Wanaojua kumshika ni wachache mno.

Tufanye hesabu. Mtoto wa aina hii hula polepole. Mlo mmoja huchukua nusu saa, na wengine hufika dakika 45. Kwa kuwa hachukui kingi kwa mara moja, anahitaji milo 5 au 6 kwa siku. Hizo ni saa 2 na nusu hadi 4 na nusu za kuketi na kijiko mkononi, kila siku, Ramadhani na Idi zikiwemo. Bado hujahesabu kumgeuza usiku, kumwosha, kufua, na watoto wengine wa nyumba. Wageni huleta unga, sukari na sabuni, Mungu awalipe. Ila mkono wa pili wa kushika kijiko hauletwi, kwa sababu watu wanaogopa mtoto atapaliwa mikononi mwao. Hofu hiyo ni ya kweli: ukimlisha vibaya, atapaliwa. Basi tujifunze kumlisha vizuri.

Jambo moja tulimalize mapema. Mtindio wa ubongo ni ubongo wa mtoto kuumia, au kutokua sawasawa, tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo. Inaweza kuwa alikosa hewa akizaliwa, alizaliwa njiti, manjano ya siku za kwanza yalikuwa makali yasitibiwe mapema, au alipata homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Mara nyingi sababu haijulikani kabisa. Hauambukizi. Si laana, wala si "damu ya kina mama yake". Jeraha lenyewe la ubongo haliongezeki, lakini viungo visiponyooshwa na kuwekwa vizuri hukaza mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo swali la "ulimfanya nini mtoto?" tuliache nje ya mlango pamoja na viatu.

Wataalamu, karibuni. Fisio, wewe mtaalamu wa mazoezi ya viungo, tuanze na mkao.

Fisio_wa_Visiwani

Waaleikum salaam dada. Naam, mkao kwanza. Mkao ukikosewa, hata uji uwe mzuri namna gani utaingia pabaya.

Njia ya chakula na njia ya hewa zinaanzia pamoja kooni. Tunapomeza, njia ya hewa huzibwa kwa muda mfupi sana ili chakula kipite. Kwa mtoto huyu misuli ya mdomo na koo haiendi kwa wakati mmoja, chakula hutangulia kufika na mlango bado uko wazi. Kidevu kikiinuliwa juu, hatari huongezeka. Jaribu mwenyewe sasa hivi: tazama dari, umeze mate. Halafu inamisha kidevu kidogo, umeze tena. Shingo yako itakueleza kuliko mimi.

Kwa hiyo kichwa kiwe katikati na kidevu kimeinama kidogo. Makalio yaingie ndani kabisa ya kiti, nyonga na magoti vikunjwe, na nyayo zikanyage kitu. Watu hudharau nyayo. Miguu ikining'inia, mwili wote hutafuta pa kujishikilia, na mtoto hukakamaa kuanzia vidole vya miguu mpaka taya. Kipande cha ubao chini ya nyayo kinaweza kumaliza vita vya kijiko vya mwezi mzima.

Kama hana kiti, mpakate hivi. Keti kwenye kigoda kifupi, mgongo wako uegemee ukuta. Mweke kwa upande, makalio yake yazame katikati ya mapaja yako ili yawe chini kuliko magoti yake. Mkono wako upite nyuma ya mabega, kigasha (kati ya kiwiko na kiganja) kibebe shingo, kiganja kishike bega lake la mbali na kulileta mbele kidogo. Mikono yake yote miwili iwe mbele. Mara nyingi mmoja hubanwa kwapani mwa anayelisha na hakuna anayegundua.

Kosa ninaloliona kuliko yote ni kusukuma kisogo kwa kiganja ili kichwa kiinuke. Ukimsukuma kisogo, mwili wake hujibu kwa kusukuma nyuma. Watu husema "mtoto huyu mkaidi", na hana ukaidi wowote. Akijipinda nyuma kama upinde, achana na kichwa. Kunja nyonga: inua magoti yote mawili taratibu kuelekea kifuani, subiri apumue, lete mabega mbele. Kichwa kitafuata.

MamaWiyoni

Swali, fisio. Wapo wanaolishwa wamelala chali mapajani, kichwa kimelegea nyuma. Mama zao husema wakiketishwa chakula chote humwagikia kifuani, wakilazwa kinaingia. Hawa nao?

Fisio_wa_Visiwani

Kinaingia, ndiyo, na hilo ndilo linalonitia hofu. Akiwa chali, uji huteremka kooni wenyewe, uwe umemezwa au haujamezwa. Sehemu yake huteremka mapafuni.

Lakini nakuomba, MamaWiyoni, na wote mnaosoma: ukimkuta mama analisha hivyo, usimkemee. Alikuwa na mtoto mwenye njaa na hakuna aliyemwonyesha njia nyingine. Usimgeuzie mambo siku moja pia, mtoto atakataa na mama atakata tamaa. Mwinue kidogo kila siku chache, kwa wiki mbili hivi, mpaka afike mkao wa kuketi, na wakati huohuo chakula kiwe kizito zaidi ili kisimwagike. Kumwagika kifuani kunapungua ukijua kutumia kijiko.

Sasa kijiko. Chukua kidogo cha chai, kisicho na kina kirefu. Cha plastiki nyepesi usitumie: baadhi ya watoto hung'ata ghafla bila kukusudia, kinavunjika mdomoni. Akikibana kwa meno usivute. Ukivuta, taya hubana zaidi. Tulia, mlegeze nyonga, ataachia.

Teka nusu kijiko tu. Keti mbele yake au pembeni, macho yenu yawe usawa mmoja au wewe chini kidogo. Ukisimama juu yake atakutazama, na kidevu kitapanda. Mwambie chakula kinakuja. Kijiko kitoke mbele, usawa wa kidevu, kiingie kimelala, kikae katikati ya ulimi, kiukandamize kwa upole. Kisha subiri. Ukandamizaji huo mdogo huzuia ulimi kusukuma chakula nje na huwapa midomo nafasi ya kufunga. Midomo isipofunga, saidia: kidole cha shahada chini ya mdomo wa chini, cha kati chini ya kidevu, bila nguvu. Toa kijiko kimenyooka. Usikwangulie chakula kwenye meno ya juu, maana hapo kichwa hupanda na chakula hubaki juu ambako ulimi wake hauwezi kukifuata.

Halafu tazama koo. Utaona koo limepanda na kushuka. Wengine humeza mara mbili kwa kijiko kimoja. Usilete cha pili kabla hujaona hilo, hata kama mdomo uko wazi. Mdomo wazi kwa mtoto huyu hauna maana kwamba amemaliza.

Kumbana pua ili afungue mdomo, kumfungua kwa nguvu, kumlisha akilia, kumlisha akisinzia: yote manne ni marufuku.

Nesi_wa_Zamu

Naongeza dalili za chakula kuingia njia ya hewa, kwa sababu si kila mtoto hukohoa. Sikiliza sauti yake baada ya kumeza. Ikigeuka ya majimaji, kama mtu anayezungumza na mate kooni, simama. Tazama macho yakijaa machozi ghafla, pumzi zikienda mbio, midomo ikibadilika rangi. Na mtoto anayepata nimonia mara kwa mara, au homa isiyoeleweka kila baada ya muda, mpelekeni hospitali mkaseme wazi kwamba anapaliwa akila. Mama akiulizwa tu "anakula?" atajibu "anakula", na kweli anakula. Swali la namna anavyokula halifiki.

Akipaliwa na anakohoa kwa nguvu, mwinamishe mbele umwache akohoe, usimpe maji. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, kama amepita mwaka 1: mwinamishe, mpige kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega mara 5. Bado? Simama au piga magoti nyuma yake, ngumi juu ya kitovu na chini ya mbavu, vuta ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu huku mwingine akiita msaada. Aliye chini ya mwaka: mlaze kifudifudi kwenye kigasha chako kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara 5, mgeuze, kandamiza katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Tumbo lake usiliguse. Wakati wowote akilegea na kupoteza fahamu, mlaze sakafuni, anza kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi, na safari ya hospitali ianze hapohapo. Mafunzo ya huduma ya kwanza yanafundisha hili kwa mikono; anayetaka kuwa mlishaji ayatafute kabla ya kuanza.

Mlo usizidi dakika 30. Baada ya hapo mtoto huchoka, na mtoto aliyechoka hupaliwa. Ni bora milo 6 midogo. Akimaliza, abaki ameketi au ameinuliwa nusu saa nyingine, chakula kisirudi juu. Kisha safisha kinywa kwa mswaki laini, dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mbaazi kwa mkubwa. Kinywa kichafu hugeuza mate kuwa sumu ya mapafu.

Wengi wao wana kifafa pia. Degedege likimjia katikati ya mlo, acha kulisha, mlaze ubavu, usitie kitu mdomoni, tazama saa. Likipita dakika 5, au likirudi kabla hajapata fahamu, ni hospitali. Na dawa yake ya kifafa usiichanganye kwenye bakuli zima. Akiacha nusu ya uji ameacha nusu ya dozi. Kama mliruhusiwa kuisaga, itie kwenye vijiko viwili vya kwanza.

Jiko_la_Amu

Niachieni mimi chakula.

Uzito unaotakiwa unapimwa kwa kijiko chenyewe. Kiinamishe. Chakula kikidondoka bonge moja bila haraka, ndicho. Kikitiririka, ni chepesi mno kwake. Kikining'inia na kunata hata ukitikisa, ni kizito mno na kitamganda kwenye kaakaa. Watu wengi hufikiri chepesi ndicho salama, kumbe maji, chai na supu ndivyo vinavyokimbia kooni kuliko vyote. Kibaya zaidi ni mchanganyiko: tambi zinazoelea kwenye maziwa, wali kwenye mchuzi mwepesi, chungwa, tikiti. Maji hukimbia mbele na kitonge hubaki nyuma, na koo lake haliwezi kazi mbili.

Uji wa bakuli moja: kikombe 1 cha maji, unga wa mtama au wimbi vijiko 3 vya mezani, uukoroge kwanza kwa maji baridi usifanye madonge, uchemke dakika 10 hadi 15 kwa moto mdogo. Mwishoni tia tui zito robo kikombe au nusu, kijiko 1 cha mezani cha karanga zilizosagwa laini kabisa, na kijiko 1 cha chai cha mafuta. Tumbo la mtoto huyu halichukui bakuli la pili, basi nguvu iingie kwenye bakuli la kwanza. Kijiko cha mezani cha mafuta kina kalori 120 hivi. Mafuta yachanganyike ndani ya chakula. Asinyweshwe mafuta matupu, hata ya samaki, hata kwa nia ya dawa, kwa sababu yakiingia mapafuni hayatoki kirahisi.

Na hii haisemwi vya kutosha: uji mzito hulainika katikati ya mlo. Sababu ni mate. Kijiko kinatoka mdomoni, kinarudi bakulini, mate yanavunja wanga, na baada ya dakika 10 ule uji uliopimwa vizuri umekuwa maji. Anayelisha haelewi kwa nini mtoto alianza vizuri akaishia kukohoa. Dawa yake ni bakuli mbili. Kubwa ifunikwe pembeni, ndogo uitekee vijiko vitano sita kwa kijiko kingine safi, na ikiisha unaongeza.

Vyakula vyetu vingi vinafaa bila gharama mpya. Bokoboko ndiyo malkia: ngano na nyama vimepondwa pamoja, ila ipondwe zaidi na nyuzi za nyama zitolewe. Mseto wa pojo (choroko) uliopondwa kwa tui. Kiazi kitamu, boga, papai lililoiva, ndizi iliyopondwa, yai lililoiva kabisa likasagwa na maziwa. Samaki chagua nguru, si changu. Umchambue kwa vidole, si kwa uma, maana uma hauhisi mwiba. Mahamri, mkate wa mofa na tende nzima viacheni.

Maji anayahitaji sana, huku kwetu kuna joto. Akikosa maji choo kinakuwa kigumu, na choo kikigoma hamu ya kula inakufa. Mtasema mtoto kachagua chakula kumbe tumbo limejaa. Mpe kwa papai, mtindi, uji. Kwa kikombe, chukua cha plastiki laini, kikate ukingo mmoja umbo la mwezi mwandamo mahali pua itakapoingia, piga msasa mpaka usikwaruze. Anywe kwa upande usiokatwa. Pua inaingia kwenye pengo, na kichwa hakilazimiki kwenda nyuma.

FundiMatondoni

Kiti nitakieleza kwa kipimo. Usinunue wala usiagize kabla ya kumpima mtoto akiwa ameketishwa vizuri.

Kina cha kiti: pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, toa upana wa vidole viwili. Kikiwa kirefu zaidi ya hapo, mtoto huteleza mbele na kukalia mgongo. Urefu wa kiti kutoka ubao wa nyayo: nyuma ya goti hadi kisigino. Upana: nyonga na nafasi ya vidole viwili kila upande. Meza ya mbele iwe usawa wa viwiko. Miguu ikipishana kama mkasi, weka kigingi kilichozungushiwa povu la godoro katikati ya magoti, kwenye ncha ya kiti. Mkanda ni wa nyonga, uvute chini na nyuma. Wa kifua peke yake haufai: akiteleza utamkaba shingoni. Asiyeweza kuzuia mabega yasirudi nyuma, mtengenezee kiti cha pembe, mbao mbili zikutane kama kona ya chumba, mabega yake yaingie mbele yenyewe.

Kuna kiti cha maboksi pia, na kinadumu kikifanywa vizuri. Maboksi tabaka 6 au zaidi, yakipishanishwa mistari yake, yagundishwe kwa uji wa unga wa ngano, halafu vipande vya magazeti vifunike viungo vyote. Shida ya kisiwa ni unyevu. Masika gundi haikauki, inaota ukungu kwa ndani na kiti kinanuka kabla hakijatumika. Fanya msimu wa kaskazi jua likiwa kali, kausha tabaka kwa tabaka, maliza kwa rangi ya mafuta mara mbili, chini pia.

Asiachwe kitini zaidi ya saa moja bila kubadilishwa. Tazameni ngozi ya kitako na mgongo kila siku. Palipobaki pekundu nusu saa baada ya kutolewa ndipo kiti kinapomuumiza.

Barani_Malindi

Huku Malindi, kwa safari ya kliniki, shida ni tuktuk. Watu humlaza mtoto mapajani miguu imenyooka, barabara inaruka, anakakamaa njia nzima. Mkalishe kwa kukunjwa kama alivyosema fisio, magoti yake yatenganishwe na leso iliyokunjwa, wewe ukae upande wa ndani. Lamu vyombo vya majini mnafanyaje?

FundiMatondoni

Ngazi za jeti maji yakipwa huwa na mwani, zinateleza, na chombo kiko chini sana. Ukiweza, panga safari ya kliniki kwa maji kujaa. Mtu mmoja atangulie chomboni, aketi, ndipo apokee mtoto. Usivuke ukingo umembeba. Kiti chake kipite peke yake, mtoto asifungwe ndani ya kiti chomboni hata kidogo. Jaketi la kuokolea limkae sawasawa, mkanda wa katikati ya miguu umefungwa, na apakatwe ameinuka.

Mitaani, ngazi za nyumba zetu zimesimama mno kwa kubeba mtu mkononi ukiwa umevaa leso inayokanyagika. Jifunge vizuri kwanza. Kumwinua sakafuni: mgeuze ubavu, kunja magoti yake, kigasha chini ya mabega na shingo, mkono wako mwingine chini ya mapaja, mlete kifuani ndipo unyanyuke kwa miguu yako. Mgongo wa mama umeshabeba vya kutosha.

Mwana_wa_Chuoni

Nina neno kuhusu kisomo. Kumsomea mtoto Qur'an ni rehema na hakuna anayekataza. Ila kombe, yale maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, ni maji mepesi, na ndugu zetu hapo juu wameeleza maji mepesi hufanya nini. Zungumzeni na mwalimu wenu, kombe hutumika pia kuogea na kupakwa, hakuna ulazima wa kulimimina kooni kwa mtoto asiyeweza kumeza. Na dawa za kifafa zisisimamishwe kwa sababu kisomo kimeanza. Kuzikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma.

MamaWiyoni

Nyumba nyingine mama mkwe husema mtoto anadekezwa, na baba hushinda barazani kwa aibu. Mtu wa nje aingie vipi bila kuonekana anajifanya mjuzi?

Bint_Langoni

MamaWiyoni, ingia kwa mlango wa mama mkwe. Mwamkie, mshike mkono, muulize alivyokuwa akiwalisha wanawe. Bibi aliyelea watoto wengi ana mikono mizuri kuliko sisi; akionyeshwa lile jaribio la kumeza akitazama dari, ataelewa bila hotuba. Wengi wanaosema "anadekezwa" wanaogopa tu. Baba naye asipewe nasaha ndefu. Apewe kazi moja ya wazi: mlo wa baada ya magharibi ni wake, au kiti cha mtoto ni chake kukipima na kukileta kwa fundi.

Maneno ya kuacha ni "zezeta", "taahira", na "bora angepumzika" likisemwa juu ya kichwa cha mtoto. Wengi wao wanaelewa kuliko tunavyodhani, mdomo ndio hautii. Mwamkie kwa jina lake kwanza, kabla ya mama yake, umpe muda wa kujibu kwa macho. Ukimsalimia na kugeuka papo hapo, umemnyima jibu. Na ndugu zake msiwasahau. Mwite dada yake akacheze nyumbani kwako alasiri moja, bila kumuuliza habari za mgonjwa.

Kuhusu fedha: kadi ya ulemavu hutolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya mtoto kupimwa hospitalini na kujaziwa fomu. Mpango wa serikali ya Kenya wa Inua Jamii hulipa Sh 2,000 kwa mwezi kwa kaya zilizosajiliwa zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, na habari za usajili huulizwa kwa chifu. Msaada wako hapo ni kukaa na mtoto siku mama anapokwenda, au kumshikia foleni.

Namna ya kuanza kulisha. Usimwambie mama "ukihitaji chochote niite". Hataita. Taja siku na saa: "Nitakuja Jumatatu na Alhamisi, saa 10 alasiri." Ramadhani saa hiyo ina thamani mara mbili, ndiyo saa ya kupika futari. Siku 3 za kwanza keti utazame tu. Muulize mama mtoto husemaje hapana: wengine hugeuza uso, wengine hufumba macho, wengine hunyamaza ghafla. Muulize ni upande gani anameza vizuri. Siku zinazofuata lisha vijiko 5, mama akiwa kando. Kisha nusu bakuli. Mama akikwambia sasa waweza, si wewe ukijiona waweza, ndipo ubaki naye peke yako, kwa sharti kuna mtu mwingine anayesikika ukiita.

Barani_Malindi

Na baada ya kumlisha, nikimkuta mama kalala?

Bint_Langoni

Usimwamshe kumwambia mtoto kala. Mwache mtoto ameketi nusu saa yake, msafishe kinywa, osha bakuli zote mbili. Andika kwenye karatasi uiweke chini ya kikombe: saa ngapi, vijiko vingapi, alikohoa mara ngapi, choo kimepatikana au hakikupatikana. Ukitoka, mwambie anayekaa barazani asibishe hodi mpaka alasiri ipite.

Nesi_wa_Zamu

Karatasi hizo msizitupe, dada. Siku ya kliniki njooni nazo zote.